Ubao Wenye Wazazi Wawili

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Daktari Projestus aliketi barazani kwake Rulenge, makala ya Ineza ikiwa magotini na chai ikipoa pembeni, akajikuta anaisoma sentensi moja kwa mara ya tatu. Hakuwa mtu wa kurudiarudia. Katika miaka yote aliyofundisha hisabati chuo kikuu, desturi yake ilikuwa kusoma mara moja, polepole, penseli mkononi, na aliwaambia wanafunzi wake kwamba anayesoma hesabu mbio anatazama picha tu. Lakini macho yake yalikuwa yamechoka, mgongo umechoka, na kwa kweli hata moyo. Kwa hiyo alijipa nafasi ya kudhani kwamba kosa lilikuwa la macho.

Halikuwa la macho. Sentensi ile, ukiigeuza kwa Kiswahili, ilisema hivi: "Na kwa kuwa mkono ukifika nyumbani mtaji hukoma, kila ubao una mzazi mmoja tu." Ilikaa katikati ya ukurasa wa tatu bila maelezo wala rejeo, kama jambo linalojulikana na kila mtu. Kurasa zote zilizofuata zilisimama juu yake.

Akaiweka penseli chini.

Jambo lenyewe lilikuwa mchezo wa watoto. Alipokuwa mchunga mbuzi, Projestus na wenzake walichimba mashimo ardhini kwa mviringo, wakatia kila shimo kete sawa, mbegu au kokoto. Mchezaji huchota kete zote za shimo moja na kuzigawa moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine, huzichota zote na kuendelea kugawa; ikiangukia shimo tupu, mtaji, yaani mgawo huo wote, umelala na mchezo umekwisha. Wakubwa waliudharau, kwa kuwa wao walikuwa na igisoro yao ya watu wawili, yenye vita na mateka. Lakini kijana Projestus alipofika chuo kikuu na kupewa nafasi ya kuandika tasnifu, alijiuliza swali ambalo wachunga mbuzi hawakuwahi kujiuliza: je, mtaji huo ni lazima ulale? Hauwezi kuzunguka, ukazunguka, usikome milele?

Aliandika kwamba, mashimo yakiwa ya kutosha na kila shimo likianza na kete sawa, anaamini mtaji hulala daima, ila hajui kuthibitisha. Wachache walioisoma tasnifu ile waliliita kisio la Projestus, wakalisahau. Mwenyewe hakulisahau. Alilibeba katika mikutano ya idara ambayo ajenda yake ya kwanza ilikuwa kulalamikia mkutano uliopita. Alilibeba katika kusahihisha mitihani, marundo kwa marundo, mwaka kwa mwaka, mpaka mwandiko wa vijana wote ukafanana. Kompyuta iliwahi kuzijaribu mbao nyingi sana, na zote zikalala. Lakini mbao nyingi si mbao zote, na mtu asiyeiona tofauti hiyo ni heri afanye kazi nyingine.

Kisha akaja Ineza. Binti huyo wa Claudia, wa Murusagamba, alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho kabla ya kustaafu, mkaidi, msafi wa hoja, asiyependa kusifiwa. Sasa alikuwa mhadhiri mwandamizi, naye Ijumaa alikuwa amefika Rulenge na makala iliyochapwa katika jarida la Ulaya. Kichwa chake kilisema kwamba kisio la Projestus limethibitishwa. Mzee alilitazama jina lake hapo juu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Katika maisha yake yote jina lake halijawahi kukaa kwenye kichwa cha kitu chochote, isipokuwa karatasi za mitihani.

Kwa makala hiyo faili la Ineza la kuomba uprofesa mshiriki lilikuwa limekamilika, na kamati ya kuwapandisha vyeo wahadhiri ilikuwa ikutane juma linalofuata. Kwao Murusagamba hawakungoja kamati. Walikwisha kupanga misa ya shukrani Jumapili, ng'ombe amefungwa, rubisi ya ndizi imetengenezwa, na Daktari Projestus ndiye aliyeombwa kutoa neno. Ineza angemfuata kwa gari Jumamosi jioni.

Uthibitisho wenyewe ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililomuumiza. Ineza aliugeuza mchezo nyuma mbele. Aliuliza: ukiukuta ubao, yaani mpangilio wa kete mashimoni, umekaa hivi, ulitoka ubao gani? Huo uliotangulia aliuita mzazi. Ubao wa mwanzo, wenye kete katika kila shimo, hauna mzazi, kwa sababu kila mgawo huacha shimo tupu pale ulipochotwa. Na ikiwa kila ubao mwingine una mzazi mmoja tu, basi mtaji hauwezi kunaswa katika mzunguko. Maana ubao wa kwanza kunaswa ungekuwa na wazazi wawili, mmoja wa njia iliyouleta na mwingine wa mzunguko wenyewe. Kwa hiyo mtaji hulala. Mistari michache tu. Projestus aliipitia akihisi kitu alichokuwa hajakihisi kwa miaka mingi, wivu mtamu wa mwalimu aliyepitwa.

Ila sentensi ile. Rulenge, mchezaji akiwa na kete nyingi kiasi kwamba mkono unazunguka hadi shimo ulikotoka, huliruka shimo hilo na kuendelea kugawa. Ndivyo alivyocheza, na ndivyo alivyoandika katika sura ya kwanza ya tasnifu. Lakini kwa mzee Niyibizi, babu yake Ineza, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa na watoto na mzigo wa kichwani, wajukuu walicheza kwa namna yao: mkono ukirudi nyumbani, kwenye shimo ulikotoka, unakaa, mtaji umekoma. Projestus aliwahi kuwaona kwa macho yake, siku alipokwenda kumwomba mzee amruhusu binti aendelee na shahada ya pili.

Ineza hakuzisoma kanuni. Nani asomaye kanuni za mchezo aliofundishwa na babu yake? Alikuwa amefungua tasnifu, akaona mashimo na kete, akajua yuko nyumbani, akaruka hadi kwenye swali. Na wahakiki wa Ulaya, ambao hawajawahi kuchimba shimo hata moja, walimwamini yeye aliyezaliwa kwenye mchezo.

"Baba Evaristi," mkewe Ildefonsa alisema kutoka mlangoni, "hiyo chai unaingoja izae?"

"Imepoa."

"Chai hupoa, ndiyo kazi yake. Neno la kesho umeliandika?"

"Nililiandika jana."

"Nisomee basi, nijue kama ni refu. Watu watakuwa na njaa."

"Sitalisoma."

Ildefonsa alikuja akaketi. Alikuwa ameishi na sura ile katika majuma yote ya mitihani ya maisha yao, na hakuhitaji kuelezwa. "Mtoto amekosea," alisema.

"Amekosea."

"Sana?"

"Hesabu haina sana wala kidogo."

"Ng'ombe anayo. Yule waliyemfunga ni mkubwa, nimeambiwa." Akachukua kikombe. "Ukikaa kimya, nani atajua?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Wanaoujua mchezo hawasomi jarida, na wanaosoma jarida hawaujui mchezo."

"Basi mimi sikuambii kitu," Ildefonsa alisema akiinuka na kikombe. "Ila ukinyamaza halafu uje kunigeukageukia kitandani kama chapati, utahamia kwenye kochi."

Aliingia ndani kuitafuta tasnifu, akiwa na tumaini dogo la aibu kwamba labda kumbukumbu yake ndiyo iliyokosea. Chumba cha vitabu kilinuka mchwa na dawa ya mchwa. Alikuwa amevisafirisha vitabu hivyo kutoka mjini kwa lori lililobeba pia mabati ya mtu mwingine, akidhani shule za jirani zitakuja kuviazima. Walikuja mara moja, wakachukua kamusi. Siku hizi vijana huiuliza simu, nayo huwajibu kabla hawajajua wameuliza nini. Hata vile vitendawili vya hesabu alivyokuwa akiviandikia jarida dogo la parokia aliviacha, baada ya kuona kwamba anayeleta majibu ni mtawa mmoja tu, tena mzee kuliko yeye, na sasa amefariki.

Tasnifu ilikuwa pale, jalada limeliwa pembe. Kanuni ilikuwa pale pia, kwa maneno yaliyo wazi: mkono huliruka shimo ulikotoka. Aliifunga. Asingeweza kumlaumu mchwa.

Alasiri alikwenda uwanjani, si kwa furaha bali kwa mazoea. Vijana wa Rulenge walicheza na wa Bugarama, na katekista mstaafu Audax, jirani yake, alikuwa amekwisha kumwekea nafasi kwenye benchi la mbao, na karanga za kukaanga ndani ya karatasi iliyosokotwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Mbona unaniamkia? Tumelingana."

"Naamkia elimu. Mwili wako siuamkii, nimeuzidi nguvu."

Walitazama. Mpira ulikuwa mbaya, wa vumbi na makelele, na Projestus aliupenda kwa ubaya wake. Ujanani, seminarini, alikuwa mkimbiaji wa masafa, na kilichomvutia katika mbio ndicho kilichomvutia katika hesabu: hakuna wa kumlaumu. Mpira wa miguu aliuchukulia kama burudani ya watu wanaohitaji refa. Bugarama walipata penalti, Audax akamgonga kiwiko.

"Tupe hesabu. Anafunga?"

"Ama atafunga, ama hatafunga."

"Ulikwenda chuo kikuu kujifunza hilo?"

"Miaka mingi."

Kijana alipiga nje. Audax alicheka hadi akakohoa, kisha akaanza kusimulia, kama afanyavyo kila Jumamosi, habari za fainali ya zamani waliyowafunga watu wa Biharamulo kwa goli la kuotea. Kila mtu uwanjani aliona kwamba mshambuliaji ameotea, alisema, hata mama mzazi wa mshambuliaji. Refa hakuona.

"Na kombe?" Projestus aliuliza, ingawa alijua.

"Kombe liko kabatini parokiani mpaka leo. Nani atakuja kulidai? Kipenga kikilia, kimelia."

Mzee aliyatafakari maneno hayo kuliko Audax alivyokusudia. Hiyo ndiyo raha ya mpira, aliwaza: kosa lina mwisho wake, watu wanaoga, wanakula, wanazeeka. Hisabati haina kipenga. Kosa la ukurasa wa tatu litakaa pale likingoja, hata wote wanaolijua wakishakufa. Lakini yeye amechoka. Amefanya kazi ya kuwaambia watu kwamba wamekosea tangu alipokuwa na nywele nyeusi, na hakuna aliyewahi kumshukuru siku ileile. Je, mtu hawezi kustaafu hata kazi hiyo? Jina lake likae pale juu, binti apate cheo anachokistahili kwa kila kitu kingine, mama yake afurahi. Akajikuta anatunga neno la kesho upya, maneno mazuri, ya jumla, yasiyotaja uthibitisho hata mara moja. Aliona jinsi lilivyo rahisi, na urahisi huo ulimtisha.

Ineza alifika kipindi cha pili, amevaa kitenge na viatu vya vumbi. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mzee Audax."

"Marahaba, profesa," Audax alijibu. "Tumeanza kukuita mapema ili ulimi uzoee."

"Mwalimu, nimekuta Mama Evaristi amekwisha kufunga begi lako. Tukiondoka sasa tutafika mapema. Mama anapiga simu kila baada ya muda kuuliza kama una meno ya kula nyama."

"Keti kwanza, mwanangu."

Aliketi. Projestus alichukua fimbo yake, akainama kwa shida, akachimba mashimo manne mbele ya benchi kwa mviringo. Akaomba karanga sita.

"Za kula?" Audax aliuliza.

"Za kufikiri."

"Basi chukua zilizoungua."

Aliliacha shimo la kwanza tupu, akatia karanga mbili katika kila moja ya matatu yaliyobaki. "Kete ya mwisho imeangukia hapa, shimo la pili," alisema. "Mzazi wa ubao huu ni nani?"

Ineza alitabasamu, kama mtu anayeulizwa jina lake. Alitoa karanga moja katika shimo la pili, akairudisha katika la kwanza. "Huyu hapa. Moja ilichotwa, ikaangukia jirani."

"Sawa. Mwingine?"

"Hakuna mwingine, Mwalimu."

Projestus alizipanga upya: nne katika shimo la kwanza, la pili tupu, moja katika la tatu, moja katika la nne. "Chota la kwanza. Gawa."

Ineza alichota zote nne. Aliangusha moja katika shimo la pili, moja la tatu, moja la nne. Mkono ukafika juu ya shimo la kwanza na karanga moja imebaki, ukasimama.

"Nimefika nyumbani," alisema. "Umekoma."

"Kwenu umekoma. Hapa Rulenge unaruka."

 Mkono wa Ineza ulibaki angani, na Projestus aliona vidole vikiijua habari kabla ya uso. Kisha polepole Ineza aliliruka shimo la kwanza, akaiangusha karanga ya mwisho katika la pili. Shimo la kwanza tupu. Mengine mbili, mbili, mbili. Ubao uleule.

Uwanjani watu walipiga kelele, Rulenge walikuwa wamefunga. Audax aliinuka kushangilia, akageuka, akawaona, akaketi tena bila kelele.

"Wazazi wawili," Ineza alisema.

"Wawili."

"Iko kwenye tasnifu?"

"Sura ya kwanza. Kanuni ya mkono unaozunguka."

"Sikuisoma hiyo." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kilio. "Nilisoma sura ya nne tu. Nilidhani... Babu alinifundisha kabla sijajua kusoma."

"Najua. Nilimwona."

"Wahakiki waliipitisha."

"Wao walikuuliza wewe, kwa namna yao. Wewe ndiye uliyekuwa mwenyeji."

Ineza alizitazama karanga. "Nikisahihisha? Nikisema nimethibitisha kwa kanuni ya kwetu? Hoja ni sahihi kwa kanuni ya kwetu."

"Ni sahihi, na nzuri. Utakuwa umethibitisha jambo la kweli, dogo."

"Kamati haimpandishi mtu kwa jambo dogo."

"Najua. Niliketi katika kamati hiyo miaka mingi. Huwa hatusomi, mwanangu. Tunauliza jarida ni gani, kisha tunauliza chai iko wapi."

"Kwa hiyo hawatajua."

"Hawatajua."

"Na kisio lenyewe? Ni kweli au si kweli?"

"Asubuhi ya jana ningekuapia kuwa ni kweli," mzee alisema. "Leo sijui. Ubao ukiwa na wazazi wawili, mlango wa mzunguko uko wazi. Labda mtaji haupiti hapo kamwe. Labda hupita mahali ambapo mimi na kompyuta hatujafika."

Binti aliinuka akaenda hadi kwenye gari, akaketi ndani, mlango wazi, mikono kwenye usukani. Projestus hakumfuata. Alihisi uchovu ukimshuka mabegani kama koti lililolowa. Audax aliokota karanga moja katika shimo la tatu, akaifuta vumbi, akaila.

"Sijaelewa hata moja," alisema. "Lakini umemwumiza."

"Ndiyo."

"Hukuwa na njia nyingine?"

"Nilikuwa nayo. Umenionyesha mwenyewe, iko kabatini parokiani."

Audax aliokota karanga nyingine, akaitafuna.

Mpira ulipokwisha Ineza alikuja, akamshika mwalimu wake mkono kumwinua. "Twende. Barabara ni mbaya, isitukute giza." Walivuka Bugarama, gari likihangaika katika makorongo ya mvua, migomba ikigusa vioo pande zote. Hapo akauliza kama ni bora kumwambia mama yake usiku huo au kumwacha alale.

"Hilo si swali la hesabu," Projestus alisema.

"Najua si la hesabu. Nakuuliza wewe."

"Mwache alale."

Misa ya Jumapili ilikuwa ndefu na nzuri. Padri alisema kwamba akili ni zawadi, kwaya ikaimba kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na Claudia alitembea na kapu la vipaji hadi altareni amevaa mshono mpya uliombana, akitabasamu upande mmoja na mwingine kama bibi harusi. Projestus alisali kwa shida. Aliomba apewe ujasiri, kisha akaona kwamba ujasiri si wake tena wa kuomba, umekwisha kuhamia kwa mwingine.

Nyumbani kwa Claudia walikaa chini ya turubai. Mjomba wa Ineza, Kwizera, ndiye aliyekuwa mshereheshaji, na alipochukua kipaza sauti kumkaribisha Daktari, Ineza aliinuka kabla yake.

"Mjomba, nipe mimi kwanza."

Alizungumza Kirundi, na Projestus, ambaye Kihangaza chake ni ndugu wa lugha hiyo, hakupoteza neno. Hakujitetea wala hakupamba. Alisema kwamba katika kazi ile waliyokuja kuishukuru, alijibu swali ambalo hakuulizwa. Kwamba kosa ni lake, na kwamba Mwalimu amemwonyesha. Kwamba Jumatatu atawaandikia wenye jarida, na faili lake ataliondoa mbele ya kamati; akijaliwa ataomba cheo kwa kazi nyingine, mwaka mwingine. Akawashukuru kwa kuja, akawasihi wale, akaketi.

 Kwizera alikipokea tena kipaza sauti kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Kwa hiyo tumefungwa?" aliuliza hatimaye.

"Tumefungwa, mjomba."

"Na ng'ombe ameshaiva."

Baadhi walicheka, kwa kuwa hawakujua la kufanya. Claudia hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na masufuria, upawa mkononi, na macho yake hayakuwa kwa binti yake bali kwa mgeni wa heshima. Alitembea hadi mbele ya kiti chake.

"Mwalimu," alisema, bila kupaza sauti, "hukuweza kungoja Jumatatu?"

"Mama Ineza, niliona juzi iliyopita kesho yake asubuhi, yaani jana," alisema, akajisikia anababaika kama mwanafunzi. Akaanza tena. "Niliona jana. Nisingeweza kusimama hapa leo niseme uongo mbele ya watu wanaonipa heshima."

"Ungesema maneno mengine. Wazee hawakosi maneno. Ungesema ana bidii. Ungesema anawaheshimu wazazi. Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi."

 Projestus alikuwa ameliwaza jambo hilohilo uwanjani, na alikuwa amelikataa, lakini hapo mbele ya mama yule sababu zake za kulikataa hazikuonekana kubwa kama zilivyokuwa kwenye benchi. Claudia alirudi kwenye masufuria.

Kwizera, ambaye alikuwa na ratiba na aliitii, alimkaribisha Daktari Projestus kutoa neno. Mzee alisimama. Karatasi aliyokuwa ameiandika Ijumaa ilikuwa Rulenge, na ile ya kichwani aliyoitunga uwanjani hakuitaka. Alitazama nyuso, watoto waliosimama kwenye nguzo, wanaume walioshika chupa za rubisi bila kuzifungua.

"Nimewafundisha wengi," alisema. "Wengi wamepata vyeo. Waliowahi kusimama mbele ya watu wao na kusema walivyokosea, kabla hawajalazimishwa, nimemwona huyu mmoja tu. Swali lenyewe bado liko wazi. Nilidhani nitalifunga kabla ya kufa, sasa naona nitamwachia yeye. Asanteni."

Akaketi. Watu walingoja sehemu iliyobaki, na walipoona haiji, mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Ineza alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua vumbi kwa ncha ya kiatu.

Chakula kikaanza kugawiwa. Vijana walifungua muziki, kwanza kwa sauti ya kuomba radhi, kisha zaidi. Projestus alikaa peke yake, kwa maana waliokuwa jirani naye walikuwa wamepata sababu za kwenda kuchukua soda. Hakuwalaumu. Alifikiri kwamba angeomba mtu wa bodaboda amrudishe mapema, ikiwa mgongo utastahimili.

Ndipo Claudia alipokuja. Alibeba sahani kwa mikono miwili, nyama ya kidari iliyokatwa kubwa, sehemu ya mgeni mkuu, na ndizi zimepangwa pembeni. Hakumtazama usoni. Aliiweka mapajani mwake, akanyoosha kitambaa, akammwagia maji ya kunawa hadi vidole vikatakata.

"Karibu," alisema, akabaki amesimama.

Nyama ilikuwa ngumu. Meno yake ya upande wa kushoto yalikuwa yameng'oka zamani, na kidari cha ng'ombe mkubwa hakikuandaliwa kwa watu wa namna yake. Angeweza kuonja na kuisifu, kama wafanyavyo wazee, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mama alikuwa bado amesimama, na Projestus aliona kwamba kwa siku moja alikuwa amekwisha kumharibia mama huyo vya kutosha, na sahani hii asingemrudishia.

Akaanza kutafuna, polepole, upande wa kulia, na hakuacha mpaka sahani ilipobaki mfupa.